Mstari Uliong'olewa

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Sisimizi, na jina hilo amelipata kwa haki. Pamba yake haipulizii sumu. Anayeyusha sukari kwenye maji, kisha anachovya ufagio na kuyarusha juu ya mimea, ili sisimizi wapande kufuata utamu na wakiwa huko juu wawale viwavi. Sisi nyumbani sukari tunapimiwa kwa kijiko. Nikilalamika ananiambia sisimizi wanafanya kazi, mimi je?

Aliacha sumu baada ya nyuki wake wote kufa msimu mmoja, na baba mkwe kukohoa kila akitoka kupulizia. Sasa ukichimba kwa mkono udongo una unyevu na minyoo, na vyura wamerudi mtaroni kutunyima usingizi. Mwaka huu ulikuwa wa tatu bila sumu, na mkaguzi wa kilimo hai alikuwa njiani. Shamba likipita, kiwanda cha nguo za watoto wachanga kitachukua pamba yake. Likikataliwa, anaanza miaka mitatu upya.

Baba mkwe alizoea kumtania kwamba amefungua hoteli ya wadudu. Lakini msimu huu alipoona vitumba vya pamba vimejaa, moyo ulimlainika, akaamua kusaidia bila kuombwa. Asubuhi moja, mkewe akiwa kisimani, alichukua maji ya sukari. Ufagio aliuona unamchelewesha, basi akatoa stoo bomba lake la zamani la sumu, akalijaza, akalibeba mgongoni.

Nilimkuta amemaliza mstari wa kwanza, uso wote tabasamu. Mama mkwe alipofika, aliisikia harufu kabla hajaona kitu. Ndoo ikamponyoka.

"Hilo bomba uliliosha?"

"Nililisuuza," akasema, halafu akatazama ardhini. Chini ya mimea sisimizi walikuwa chali.

Mama mkwe, ambaye hakosi neno, alikaa chini kwenye tope. Mimi damu ilinichemka, ila mkwe ni mkwe, nikaokota ndoo tu.

Baba mkwe aliung'oa mstari ule mwenyewe, na mistari miwili iliyopakana nao, vitumba vikiwa karibu kupasuka. Majirani walishauri tupande maharage kwenye ule uwazi na tufunge midomo. Sitawalaumu wao peke yao, hata mimi niliona ni akili. Mama mkwe aliuacha uwazi vilevile.

Mkaguzi alipokuja, hata kiti hakupewa. Baba mkwe alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kwenye uwazi.

"Hapa nimeharibu mimi," akasema. "Mke wangu hakujua."

Mkaguzi alichukua udongo na majani ya pale na ya kila upande, akauliza maswali, akaliangalia bomba, akaondoka bila kuonyesha jino. Siku za kungoja, baba mkwe alikuwa anachezea chakula tu. Nilimhurumia, na hasira zangu zikaisha zenyewe.

Mkaguzi alirudi na jibu: shamba limepita. Ukanda ule peke yake ndio utaanza upya. Mama mkwe alinikumbatia, akacheka huku machozi yanamtoka, nami nikacheka naye.

Baba mkwe hakucheka. Alimfuata mkaguzi hadi kwenye pikipiki yake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Na sisimizi wa pale, watarudi?"

Mkaguzi akamwambia watarudi, wakipewa muda. Mama mkwe alikuwa amesikia. Aliniambia baadaye kwamba tangu aolewe hajawahi kumpenda mzee wake kama alivyompenda dakika ile.