Ngozi ya Sihaba na Maziwa ya Mpira

Saa moja ya asubuhi, katika pori la nyuma ya kijiji cha Zinga, Sihaba binti Mwinshehe amekaa chini kwenye majani mabichi. Mkono wake wa kushoto ameulaza juu ya paja, kama mtu anayengoja kutiwa hina. Juu yake mpira wa mwitu umejisokota mtini. Ameuchanja kwa kisu mara tatu, na maziwa yake meupe yanamdondokea mkononi.

Tone la kwanza linatua karibu na kiwiko na kukaa hapo hapo. Sihaba analisukuma kwa kidole. Linasogea kidogo, ngozi nayo inalifuata, kisha linasimama tena.

"Umeliona, mwanangu?" anamuuliza mwandishi wa habari hii. "Zamani lilikuwa linatambaa lenyewe mpaka kwenye kifundo cha mkono. Siku hizi linajichimbia shimo, linajikalia."

Mchanja mpira wa pwani hii hatumii chungu. Maziwa yakikingwa kifuuni huganda na maji ndani, yakaoza. Kwa hiyo huyatandaza juu ya ngozi yake mwenyewe, membamba, joto la mwili likayakausha. Kisha huyabandua pamoja na vinyweleo vyake, akaviringa tonge, tabaka juu ya tabaka, mpaka lilingane na chungwa.

Kubandua kunauma? Sihaba anacheka, ila si kwa furaha.

"Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa pili vinyweleo vikaisha, na machozi nayo yakaisha."

Sasa ni mwaka wa kumi na mbili. Mumewe, Kulwa, alifuata msafara wa bara na hakurudi, akamwacha na binti mmoja wa miaka minne. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Sihaba anachumia kivulini tangu ujane wake, na sahani bado haijajaa.

Zamani aliweza kufunga matonge sita kwa siku. Leo akipata mawili anashukuru. Mikono imelegea, na mkono uliolegea ni adui wa kazi hii. Anaivuta ngozi kwa vidole viwili mpaka ikaze, na palepale tone linatandaa vizuri. Akiiachia, ngozi inanyanyuka kuzunguka ukingo wa tone, kama mkeka unavyojikunja ukiusukuma, na maziwa yanabaki mazito katikati.

"Juu yanakauka, ndani maji," anasema. "Na mimi sina mkono wa tatu wa kuivuta ngozi siku nzima."

Miezi miwili iliyopita alipeleka matonge kumi Bagamoyo, mwendo wa asubuhi nzima, kikapu kichwani. Mnunuzi aliyapasua moja moja kwa kisu. Saba yalitoa maji na harufu mbaya. "Bibi, haya yameoza," alimwambia, akapokea matatu tu. Sihaba aliyabeba yale saba mpaka nyumbani, kwa sababu aliona aibu kuyatupa njiani.

Majirani wakamwambia dawa anayo nyumbani. Binti yake, Mwanahija, ana miaka kumi na sita, na ngozi yake imekaza. Sihaba hakutaka kusikia. Mwanahija ameposwa, na mpunga ukishavunwa ataolewa. Hapa bibi harusi husingwa kwa liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri, mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na mikono ya mchanja mpira, iliyochunika na isiyo na kinyweleo hata kimoja, haina pa kujificha.

"Niliapa," anasema. "Mikono yangu imetosha. Ya mwanangu isiguswe."

Wiki iliyopita, wakati wa magharibi, Mwanahija alimkanda mama yake mikono kwa mafuta ya nazi. Sihaba alikuwa hoi, akasinzia papo hapo. Asubuhi alipochanja mpira, matone yalijikunja kama shanga, yakateleza mpaka kiwikoni, yakaanguka majanini. Alijisugua kwa mchanga, wapi. Maziwa ya nusu siku yakapotea, na yaliyomwagika hayazoleki.

Alirudi nyumbani amefura. Mafuta usiku wa kuamkia kazi! Kosa hilo hata mtoto mdogo wa mchanja mpira halifanyi. Akamshika binti yake mkono, na pale pale hasira ikamwishia. Kuanzia kifundo mpaka kiwiko, mkono wa Mwanahija ulikuwa mtupu, hauna kinyweleo, na una mabaka.

Mwanahija mwenyewe, aliyefika sasa hivi na kata ya maji, anaamkia shikamoo na kukaa kando ya mama yake. Hana cha kuficha tena.

"Nilijua mafuta yanafanya nini," anasema taratibu. "Nilitaka maziwa yamkatae, apumzike japo siku moja. Hasikii akiambiwa."

Alikuwa akichanja kwa siri tangu mvua za vuli, mama akienda kisimani au shambani, na matonge yake akiyachanganya na ya mama kikapuni. Yale matatu aliyoyapokea mnunuzi yalikuwa yake.

"Nilijisifu kwa yale matatu," anasema Sihaba. "Njia nzima nilijisifu." Anainamisha uso. Inauma kumtazama.

Sasa ana mpango. Muhidini, mwamba ngoma wa Zinga, amemruhusu ajaribu maziwa juu ya ngoma yake. Yalitandaa vyema, na ngoma ikiwekwa juani yanakauka. Muhidini amekubali kuwamba ngozi ya mbuzi kwenye fremu ya miti, maziwa yatandazwe hapo badala ya mkononi, ila ngozi alete Sihaba mwenyewe.

Mbuzi yupo mmoja tu, wa harusi. Sihaba atamchinja Ijumaa hii.

"Mama, wageni watakula nini?" anauliza Mwanahija.

"Watakula wali na mchuzi wa kunde. Waseme watakavyo, wakishiba wataondoka."

Anauchukua mkono wa binti yake, anauweka juu ya paja lake, na kuupapasa kwa kiganja kilichokakamaa.

"Wewe umesoma," anamgeukia mwandishi. "Mpaka mpunga uvunwe ni miezi miwili. Vinyweleo vitakuwa vimeota? Vyangu sikuvipa nafasi, sijui."