Zamu ya Shamba Letu

Juzi msibani Rhotia niliona sufuria kubwa ya makande, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Baba alikuwa amekataa kuchangia kondoo wa tambiko la mvua. "Mimi namwomba Mungu peke yake," aliwaambia wazee. Wakawakataza majirani kukanyaga kwetu. Hilo nimekuja kulijua ukubwani. Siku hiyo ilikuwa zamu ya majirani kutulimia shamba.

"Pika kama kawaida," Baba alimwambia Mama. "Atakayekuja ale."

Harufu ya maharage na moshi ilijaa uani. Hakuja mtu. Mama alisali, akanipakulia sahani ya tatu bila kuniangalia. Kutoka shambani lilisikika jembe moja tu. Mimi nilifurahi kwamba sufuria nzima ni yetu.