Tarvo wa Kwanza na Tarvo wa Tatu

Kazi ya Victorine ilikuwa kusoma kwa sauti. Katika chumba cha michezo ya video cha kijiji kimoja cha Masisi, mashariki mwa Kongo, juu ya mji wa Sake, televisheni iliwaka mradi jua limepiga paneli. Wawili walicheza, na wengine thelathini walibanana kwenye mabenchi kumsikiliza yeye. Mchezo ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na hapo kijijini ni Victorine tu aliyejulikana kukisoma, kwa sababu ya miaka sita aliyokaa kambini Uganda. Shujaa akifungua kinywa, sauti iliyotoka ilikuwa ya Victorine.

Shujaa huyo aliitwa Tarvo. Nisikufiche, watu wazima wenye akili zao walimpenda kuliko mashemeji zao. Katika mchezo wa kwanza alisimama darajani mbele ya mkuu wa majambazi, akamwambia: "Bunduki yako inaweza kuniua, lakini mukubwa wangu hautakuwa." Maneno hayo kila mtu aliyajua kwa moyo. Victorine akiruka hata moja, mabenchi yalipigwa mpaka arudie.

Kisha ukaja mchezo wa pili, na Tarvo akawa mpole. Katika wa tatu aliomba radhi kila alipopita. Hapo ubishi ukaanza, na haukuisha.

"Huyu hapana Tarvo," alilalamika Thierry, fundi viatu. "Ule wa kwanza alikuwa muntu. Huyu anaomba ruhusa hata ya kukohoa!"

"Amezeeka," alisema Byukusenge, mama muuza maharagwe ambaye hakukosa hata siku moja. "Na tena amepata mutoto. Muntu mwenye mutoto anashusha sauti."

"Ata! Bale benye kutengeneza muchezo njo balimuharibu," alikataa Thierry.

Victorine aliwasikia, akaendelea kusoma. Tarvo hakuwa amebadilika hata chembe. Pale kwenye kioo maneno yake yalikuwa na moto uleule. Aliyebadilika ni msomaji. Wenye bunduki walikuwa wameingia kijijini, na mkubwa wao, ambaye wote walimwita Afande, alikuwa ameanza kuja kukaa benchi la nyuma. Mwalimu Munyakazi alichukuliwa kwa ajili ya neno moja alilosema kanisani, na mpaka leo mke wake anapika chakula cha watu wawili. Victorine alikuwa na binti wa miaka minne. Basi alimlainisha Tarvo kidogo kidogo, na kila siku aliona aibu kidogo, kisha akamshukuru Mungu kwamba amefika nyumbani.

Alhamisi moja ubishi ulipanda mpaka Thierry akasahau nani ameketi nyuma yake.

"Tuweke ule wa kwanza!" alipiga kelele. "Kila muntu asikie mwenyewe vile alikuwa anajibu bakubwa!"

Afande aliweka chupa yake chini, taratibu.

"Hata mimi nataka kumusikia," alisema. "Kesho, saa sita. Mama Victorine utasoma. Na bantu bote bakuje, bale benye banamujua."

Jioni ile Victorine aliwaza kukimbia, lakini kwenye kizuizi cha njia ya Sake walisimama watu wa Afande haohao. Akisoma maneno kama yalivyo, atakuwa amemtukana Afande mbele ya kijiji kizima. Akiyageuza, watu thelathini wanayajua, na mkono mmoja tu ukipiga benchi kwa mazoea, Afande atauliza kwa nini. Tena palikuwa na uvumi kwamba Afande naye alikulia kambini Uganda. Hakuna aliyejua kama anasoma Kiingereza.

Saa sita mabenchi yalijaa. Afande hakukaa nyuma. Alikaa mbele, magoti yake karibu yaguse meza ya televisheni. Byukusenge alicheza, akamfikisha Tarvo darajani. Mkuu wa majambazi akainua bunduki. Maneno yakatokea chini ya picha, meupe.

Victorine alimwangalia Afande na kuona kwamba macho yake hayakuwa kwenye maandishi. Alikuwa amegeuka, anatazama nyuso za watu.

"Mukubwa," Victorine alisoma, "daraja iko yako. Unisamehe. Naomba tu kupita."

Hakuna benchi lililopigwa. Watu thelathini ambao wangemtoa roho kwa neno moja lililorukwa walikaa kimya, mikono katikati ya magoti. Mwanamume mmoja alianza kukohoa, akajizuia.

"Mbona anasimama hivi, kifua mbele?" aliuliza Afande.

"Mugongo njo inamuuma, Afande," alisema Byukusenge, bila kugeuka.

Afande alicheka. Kicheko kilikuwa kirefu, na watu wakacheka naye, kwa sababu wangefanya nini.

"Kumbe tangu zamani alikuwa vile," alisema akiinuka. "Hakubadilika. Munabishana bure." Akamwekea Thierry mkono begani, akauacha pale. "Ao siyo?"

Siku Tarvo alipolisema neno lile la darajani kwa mara ya kwanza, Thierry alilia mbele za watu na hakuona haya. Sasa alitazama sakafu.

"Njo vile, Afande," alisema. "Sisi njo tulikosea."