Maji Yaliyopozwa

Mama hakupenda kupigwa picha. "Sura yangu nitaenda nayo kaburini mwenyewe," alikuwa akisema, na sisi tukicheka, maana tulimjua kwa maneno yake makali. Mara moja tu alikubali, shambani kwetu Susuni, amesimama kwenye wimbi, ule ulezi wetu, na kitambaa cheupe kichwani. Nilitumia kamera ya filamu niliyoachiwa na mgeni mmoja wa hifadhini, na ndani yake mlikuwa na filamu ya slaidi. Kabla sijaisafisha, mama akafa.

Filamu ya slaidi haina negativu ya kutolea nakala nyingine. Ile ile unayoisafisha ndiyo picha yenyewe, na ukiikosea ndiyo basi. Dawa zake niliziagiza Nairobi, zikaja na basi hadi Sirari.

Siku niliyoisafisha, nyumbani kwangu Nkende, mama mdogo alikuwa amefika kutoka Issenye. Ugonjwa ulimlaza akakosa mazishi ya dada yake, na jambo hilo lilikuwa linamtafuna. "Nataka nimuone uso tu, mura," aliniambia mimi kijana wake. Nikamwahidi. Nikamweleza kwamba picha hutoka polepole, humo humo kwenye dawa.

Mchana nikajifungia stoo, nikaziba mlango kwa mablanketi, nikaiviringisha filamu ndani ya kopo lake lisilopitisha mwanga. Nikatoka, nikamimina dawa ya kwanza, ile inayoamua kila kitu, nikaliweka kopo kwenye beseni la maji ya moto chumbani. Maji yakipoa, picha inakuwa giza. Mara hodi! Mzee wa jirani amekuja kutoa pole. Na mzee wa Kikurya humwambii asubiri uani kisa una kopo ndani. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikasikiliza habari za marehemu mpaka zikafika kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Niliporudi, mama mdogo alikuwa amesimama kando ya beseni na ndoo tupu.

"Maji yako ya kuoga yalikuwa yanaunguza, mura. Nimekupozea."

Hasira ilinipanda. Lakini kwetu beseni la maji ya moto chumbani ni la kuoga, na anayekupozea anakupenda. Nikaongeza maji ya moto, nikabahatisha muda, nikaendelea na dawa zilizobaki.

Filamu ikatoka nyeusi. Niliianika kwenye kamba mbele ya dirisha, nikatafuta wimbi, nikatafuta mbingu. Kilichobaki kilikuwa kile kitambaa, nacho kimekuwa kijivu. Chini yake hapakuwa na mtu. Nilihisi nimemzika mara ya pili.

Mama mdogo akaja, akasogeza macho karibu.

"Kitambaa nakiona," akasema. "Mimi ndiye niliyempa." Akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Uso utatoka saa ngapi?"

"Bado inakauka, mama."

Akavuta kigoda, akaketi chini ya kamba, akasubiri.