London hadi Paris karibu inikoseshe mke

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni mzee, nakaribia miaka tisini, natype kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Juzi nimeona kijana anauliza London hadi Paris ni umbali gani na ndege inatumia muda gani. Nikacheka hadi mke wangu akauliza kulikoni.

Swali hilo karibu linikoseshe yeye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa fundi seremala mgodi wa dhahabu Geita. Mchumba wangu, Minza, aliishi Ngokolo, Shinyanga, na mama yake mjane. Ng'ombe wa mahari walishakubaliwa. Kikwazo kimoja tu: mama hakutaka binti yake aende mbali.

Na kweli palikuwa mbali. Lori hadi kivukoni, uvuke, ufike Mwanza, ndipo upande treni. Mvua ikinyesha lori linakwama, na wewe unalala nalo.

Tukaenda kumbembeleza, mimi na baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga. Kwa desturi mshenga anasema, mchumba ananyamaza. Mimi kunyamaza kukanishinda. Kuna rubani alikuja mgodini akanisimulia habari za kwao, basi nilijiona nimesoma!

"Mama, Wazungu wanaoana London na Paris, na hawalalamiki. Ni maili mia mbili na kidogo, zaidi ya hapa na Geita. Ndege inatumia saa moja na nusu hivi, wamefika."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nilishachelewa.

Mama akaniangalia kwa upole. "Sawa, baba. Na hiyo ndege itampakia Minza akishikwa na uchungu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akatueleza. Dada yake aliolewa mbali, huko Uzinza. Alifia kwenye uzazi. Habari zilipofika Shinyanga, walishamzika.

Wakuu, ubishi wote ulinitoka. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunabishana kuhusu njia, mwenzetu analia msiba.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Akipata mimba nitamleta mwenyewe mapema, azalie mikononi mwako. Kila mimba."

Akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

Minza, ambaye alikuwa anatazama chini muda wote, akainua uso. "Nataka kwenda, mama. Na kuzaa nataka nizalie hapa."

Mama akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaingia jikoni. Baba mdogo akaninong'oneza, "Anapika. Umepewa mke."

Watoto wetu watano wote wamezaliwa Ngokolo. Safari moja lori lilikwama kwenye tope, nikamwomba mwenye baiskeli ambebe Minza hadi kivukoni, mimi nakimbia nyuma na mizigo. Tulifika salama. Mama mkwe alikuwa keshatandika kitanda.

Alipozeeka, alikuja mwenyewe kuishi kwetu Geita. Wanawe wengine walimfuata mara mbili kumrudisha, akawapikia, wakala, wakaondoka bila yeye.

Nilichojifunza: mkwe akikwambia ni mbali, usikimbilie kumhesabia maili. Muulize anaogopa nini.

Nyie mliooa au kuolewa mbali na kwenu, wazazi waliwaambia nini? Andikeni, nasoma comment zote, polepole lakini nasoma.