Herufi Iliyozidi Mkononi mwa Kaluki

Saa sita na nusu mchana, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, Kaluki Munyoki anakunja shuka la arubaini na moja. Mashine mbili zinanguruma ukutani, pasi ya mvuke inafoka, na wafanyakazi wenzake wote wamevaa fulana zisizo na mikono. Yeye peke yake amevaa blauzi ya mikono mirefu, tena amevifunga vifungo hadi kwenye vifundo.

"Shoga, utakuja kuiva humo ndani," anaambiwa na Biasha Chande, ambaye huishika ncha ya pili ya kila shuka. "Sote humu tumekwisha kuusoma huo mkono."

"Mliusoma mkacheka wiki nzima," Kaluki anajibu bila kuinua macho. "Inatosha."

Chini ya blauzi hiyo, upande wa ndani wa mkono wa kulia, yamechorwa kwa sindano na wino maneno mawili yasiyofutika: MBWANA WANGU. Mbwana ni jina la kiume, na katika vijiji vya Wadigo kuanzia Ukunda hadi Msambweni wenye jina hilo hawahesabiki. Kaluki hana Mbwana yeyote. Alikusudia kuandika BWANA WANGU, akimaanisha Mungu anayemwabudu. Herufi moja imezidi.

Kwa sababu ya mchoro huo, kanisa lake, jengo la mabati lililo nje kidogo ya Ukunda, lilisimamisha kutangaza ndoa yake mwezi wa Agosti mwaka huu wa 1998, baada ya tangazo la kwanza kati ya matatu yanayotakiwa. Harusi imepangwa Jumamosi ya pili ya Disemba. Bila matangazo mawili yaliyobaki, hakuna harusi.

"Sijui nimemkosea Mungu au nimekosea imla," anasema. "Wazee nao hawajui. Kila ninayemwuliza ananiongezea swali."

Kaluki ana umri wa miaka ishirini na saba. Alizaliwa Kitui, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1990 akaja kwa mjomba wake katika makazi ya walowezi kutoka bara, Shimba Hills. Kazi ya hoteli aliipata miaka mitano iliyopita. Mshahara wake ni shilingi elfu tatu na mia nne kwa mwezi, lakini tangu wageni walipopungua anaitwa siku kumi na tano tu na kulipwa nusu.

Wageni walipungua baada ya vurugu za Agosti mwaka jana, wakati watu wa bara walipofukuzwa kwa mapanga na moto. Siku zile Kaluki alijificha siku tatu katika jiko la mama yake Biasha, kijijini Mwabungo, nyuma ya kuni na vifuu. Mama huyo, Mwislamu aliyemjua kwa sura tu, alimletea uji kila alasiri na kumwambia asikohoe.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Akitoka hai, alimwambia Mungu, jina Lake atalibeba mahali pasipofutika.

"Kazi yangu ni kufuta," anaeleza. "Divai, damu, mafuta ya kujipaka, kila doa lina dawa yake nami naijua. Nikaona nimpe Mungu kitu kisicho na dawa."

Agosti mwaka huu, mwaka mmoja baada ya nadhiri, alimwendea Muasya, mchoraji wa vibao vya maduka katika njia panda ya Ukunda, Mkamba mwenzake, ambaye pia huwachora vijana wa pwani na wageni kwa sindano tatu zilizofungwa pamoja kwenye kijiti. Sindano huzichemsha kwanza; hilo majirani wote wanamshuhudia. Muasya ana sharti moja katika kazi yake: haandiki neno asiloletewa limeandikwa kwenye karatasi, naye hunakili herufi baada ya herufi. Ndiyo maana vibao vyake havina makosa.

Siku ile Kaluki hakuwa na karatasi.

"Aliniambia kwa mdomo," anasema Muasya, mtu mpole, mwenye rangi chini ya kucha zote kumi. "Nikaandika kwanza kwenye kipande cha katoni kama nilivyosikia. Nikampa asome. Akasoma kwa sauti, ikawa sawasawa. Angesomewa na Mdigo, tungejua. Lakini tulikuwa Wakamba wawili."

Katika matamshi ya Wakamba wengi, Bwana hutanguliwa na mvumo wa pua. Aliyesema alivuma, aliyeandika akauandika mvumo, na aliyesoma akavuma tena. Kazi ilichukua saa moja na nusu, na wote wawili wakaomba pamoja ilipokwisha.

Kosa liligunduliwa Jumatatu iliyofuata na Biasha. Aliusoma mkono ulipokuwa umenyooshwa juu ya shuka, akaliachia shuka likaanguka.

"Shoga! Mbwana huyu ni yupi? Wa kwetu Mwabungo? Ana mke huyo!"

Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimefika bustanini, ambako mzee Mbwana Matano, mwenye miaka sitini na wajukuu tisa, hupalilia maua ya hoteli. Alikuja hadi mlango wa chumba cha kufulia, akavua kofia yake.

"Mwanangu, nimeambiwa umenitangaza," alisema. "Basi niambie mahari niilete lini, nimtayarishe na yule mama wa nyumbani asinipige."

Chumba kizima kilicheka. Kaluki naye alicheka, hadi alipokumbuka kwamba jioni ile Mramba angekuja kumsalimu.

Mramba ni seremala wa Mwabungo, Mgiriama, muumini wa kanisa lile lile, na ndiye mchumba wake. Alikuwa hajui habari ya mchoro. Kaluki alitaka kumshangaza.

"Aliniuliza Mbwana ni nani," anasimulia Kaluki. "Nikamwambia, 'Si Mbwana, ni Mbwana.' Akasema, 'Ndiyo, nauliza Mbwana gani.' Nikamwambia, 'Mbwana Mungu!' Akakaa kitako. Nusu saa nzima tulibishana tukisema neno lile lile."

Mramba alikuja kuelewa, naye hakuvunja uchumba. Lakini siku chache baadaye Kaluki alichukua dawa ya kutolea madoa kazini akaimimina mkononi. Ngozi ilitoka malengelenge, herufi zikabaki. Katika hospitali ya Msambweni, muuguzi aliyemfunga kidonda alimwambia kwamba kuukata mchoro ule kungemwachia kovu kubwa kuliko maneno yenyewe. Tangu siku hiyo alianza kuvaa mikono mirefu.

Baraza la wazee wa kanisa lilimwita mara tatu. Mara ya kwanza Mzee Kaindi, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na anayeheshimiwa kwa kuijua Torati, alifungua mahali panapokataza watu wa Mungu kuandika alama miilini mwao, akasoma polepole, akafunga.

Kaluki aliomba ruhusa ya kuuliza. "Mzee, si manabii walisema Mungu mwenyewe amewachora watu wake viganjani? Kama Yeye ameniandika, kwa nini mimi nisimwandike?"

Mchungaji akasema ni swali zuri, akaliandika daftarini.

Ndipo mwenyekiti wa akina mama aliposimama akataka kujua habari ya masikio. Je, tundu la hereni nalo ni alama? Mzee Kaindi alijibu kwamba sikio hutobolewa, haliandikwi. Mzee mwingine akadai kwamba kutoboa ni vibaya zaidi, kwa maana sindano hutokea upande wa pili. Jumapili iliyofuata akina mama wote walikuja bila hereni. Wamezirudisha tangu wakati huo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewaambia kama wamefanya vyema au vibaya.

Mara ya pili lilizungumzwa suala la nadhiri. Maandiko yanakataza alama, na Maandiko hayo hayo yanaagiza kwamba nadhiri iliyowekwa ilipwe. Na je, nadhiri imelipwa ikiwa jina lililoandikwa ni la mtunza bustani? Mchungaji alimwandikia askofu. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, mistari miwili: jambo hilo lishughulikiwe hapo hapo kwa hekima.

Mara ya tatu ndiyo iliyowachanganya kabisa. Muasya, aliyekuwa na uchungu wa kosa lake, alijitolea kuirekebisha kazi bila malipo. Ile M ya mwanzo angeigeuza njiwa, miguu miwili ya herufi ikiwa mabawa, na BWANA likabaki peke yake, safi. Dakika ishirini zingetosha. Mramba alifurahi sana.

Mzee Kaindi alikataa. "Mara ya kwanza alifanya bila kujua," alisema. "Akichorwa tena leo, amejua."

"Lakini tukiiacha, binti anatembea na uongo mwilini," akajibu mzee mwingine.

"Kwa hiyo mnataka atende dhambi ili aisahihishe imla?"

Kikao kilifungwa kwa sala ndefu ambayo Kaluki anasema hakuweza kujua ilikuwa inaomba nini.

Siku nne baadaye, alasiri, Mzee Kaindi alibisha hodi mwenyewe katika chumba anachopanga Kaluki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kwa baraza. Nipe kigoda."

Aliketi, akafunua midomo. Meno yake ya mbele yamechongwa yakawa na ncha, kama walivyochongwa vijana wa Kikamba wa zamani zake. Kaluki anasema alikuwa amemwona mzee huyo kwa miaka mitano kanisani na hakuwahi kuyaona meno yale, kwa sababu huzungumza midomo ikiwa karibu imefungwa.

"Nilichongwa nikiwa na miaka kumi na mitano, nikaona fahari," alisema. "Mwaka 1951 nilibatizwa nikawekwa katika kwaya. Mzungu wa misheni akaniomba niwe naimba nikiwa nimefumba mdomo, watu wasione. Niliimba hivyo miaka sita."

"Uliimbaje, mzee, na mdomo umefumbwa?"

"Nilivuma tu."

Kaluki hakuweza kujizuia, akacheka. Mzee alimtazama kwa ukali, kisha naye akacheka, meno yote nje.

"Ilikuwa dhambi, mzee?"

"Sijui. Hakuna aliyenitaka niyang'oe," alisema. "Wala sikuchongwa mara ya pili."

Alimweleza alilokuja nalo. Angewaomba wenzake waruhusu matangazo yaendelee kwa masharti mawili. La kwanza, sindano isiuguse mkono huo tena, na ile M ikae kama ilivyo. La pili, Kaluki asimame Jumapili aseme kwamba alifanya jambo kubwa bila kumwuliza mtu. "Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi useme la kweli tu. Usiseme ni dhambi, usiseme si dhambi. Hayo hatukuyamaliza."

Kaluki aliomba muda hadi azungumze na Mramba, kwa kuwa sharti la kwanza lilimhusu yeye kuliko mtu yeyote: angeoa mwanamke mwenye jina la mwanamume mwingine mkononi, maisha yao yote. Alimkuta karakanani, akipiga randa ubao wa kitanda.

"Yaani njiwa hakuna tena," Mramba alisema alipokwisha kusikia.

"Hakuna, Mulamba," alijibu Kaluki, ambaye r nayo humshinda.

"Na mimi nitaoa mke wa Mbwana."

"Wa Mbwana."

"Yupi sasa, wa juu au wa bustanini?"

"Usinitie wazimu! Wa juu!"

Aliweka randa chini akautazama mkono ule kwa muda mrefu. "Mama yangu hajui kusoma," alisema hatimaye. "Dada zangu wanajua. Nitawaeleza mimi, neno kwa neno. Atakayetaka kucheka, acheke harusini akiwa ameshiba."

Kaluki alisimama kanisani Jumapili iliyofuata na kusema aliyoagizwa. Baadhi ya waumini walisema "Amina," wengine wakauliza baada ya ibada ikiwa ametubu au hakutubu. Mchungaji alisoma tangazo la pili. La tatu linasubiriwa. Wazee wawili kati ya saba bado wanapinga, na mmoja wao ameahidi kusimama siku hiyo na kusema neno. Hakuna ajuaye ni neno gani.

Chumbani mwa kufulia, saa ya chakula imepita na mashuka yamebaki manane. Kaluki na Biasha wanakunja huku wakifanya kazi ya pili, iliyoanza wiki hii.

"Sema ba," anaamuru Biasha.

"Mba."

"Pua yako inatangulia, shoga. Iache nyuma. Ba!"

"Mba. Na kwa nini Mwislamu ndiye anifundishe mimi kulitaja jina la Mungu wangu?"

"Kwa sababu Wakristo wako wote wa Kitui wanavuma kama wewe! Haya, tena."

Katika kiapo cha ndoa neno Bwana limo mara mbili, na Kaluki ameshaihesabu mistari. Anasema ameacha kutafuta jibu la mchoro. Akifika mbele za Mungu atamwuliza mwenyewe, na kama ni kosa ataambiwa. Anachotaka sasa ni Disemba, Mramba amesimama kulia kwake, na watu wamenyamaza kusikiliza.

"Siku hiyo nataka kulitamka vile lilivyo," anasema, akinyoosha shuka. "Kama mkono ulikosea, mdomo usikosee."