Mkwe Kichakani

Philemon Lusweti alikuwa na kazi iliyowashangaza majirani zake wote wa Buyangu: alilipwa kuwatembeza msituni watu wazima wasiotafuta kitu. Hawakutafuta kuni, wala dawa, wala asali. Walitoka kwao kwenye magari na lifti, wakaja na mabegi ya mgongoni mazito kama gunia la mahindi, ili wachoke. Kazi ya Philemon ilikuwa kuwachosha, na kufikia mwaka huo wa tisini na sita alikuwa ameifanya miaka sita bila mgeni hata mmoja kulalamika kwamba hakuchoka vya kutosha.

Ndege wote wa msitu ule aliwajua kwa sauti. Hakuwasoma vitabuni. Alifundishwa na Mzee Barasa, baba mkwe wake, mrina asali aliyeweza kuzungumza na ndege kutwa nzima na asiwe na neno la kumwambia binadamu jioni. Mzee huyo alimpenda Philemon kuliko alivyowapenda wanawe wa kuzaa, na hakuficha.

Basi Mzee Barasa alipofariki mwezi wa pili, watu wakakusanyika mazishini, wakatazama huku na huku, Philemon hayuko. Kwao Kabras mkwe husamehewa mengi, ulevi, uvivu, hata kuimba vibaya kanisani. Kukosa kumzika baba mkwe wake si mojawapo. Siku hiyo alikuwa msituni na watalii wawili, wakimfuata yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi. Nasambu, mkewe, aliyekwenda kumzika babake, hakurudi tena kwake. Miezi miwili ilikuwa imepita, na Philemon alikuwa amechoka kula ugali aliousonga mwenyewe, ambao hata kuku waliutilia shaka.

Jumamosi ya juma lile alikuwa aende na wazee wawili kuomba arudishiwe mke. Neno la mwisho lingekuwa la mama mkwe wake, Jescah. Utetezi alikuwa nao tayari: wazungu walimnyima ruhusa. Ulikuwa uongo mzuri, mfupi, usio na shahidi, maana mashahidi walikwisha rudi Ulaya. Aliufanyia mazoezi kila asubuhi akinyoa ndevu, akawadokezea na majirani, na kufikia Alhamisi alikuwa karibu kuuamini.

Alhamisi hiyo alipewa wageni watatu, marafiki kutoka Uholanzi, vijana wawili, Joost na Wim, na msichana aitwaye Anneke, aliyekuwa amesoma Kiswahili Arusha miezi mitatu na akakizungumza polepole, kama mtu avukaye mto juu ya mawe. Kabla ya kuondoka Philemon aliwapanga mstari akawapa sheria yake ya kila siku.

“Msitoke kwa njia hata hatua moja. Siku hizi siafu ni wengi, na siafu hajui mgeni.”

Wakapanda kilima cha Buyangu kulakiwa na jua, ambalo lingewafikia hata wangebaki kitandani. Wakateremka hadi maporomoko ya Isiukhu. Huko Joost alibembea juu ya maji kwa mtambaa ulioning'inia mtini kama kamba, mtambaa ukachoka kabla yake, akatua kwa tumbo. Wim alivuka gogo kwa magoti na mikono, akapigiwa makofi, kisha akaomba avuke tena kwa sababu picha haikupigwa. Philemon aliketi kando na buti zake za mpira, akila muhogo, akiwaza Jumamosi.

Saa tisa walikuwa njiani kurudi. Njia ilipopinda, Philemon akaona mbele yake mzigo wa kuni, na chini ya mzigo, Jescah.

Mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, na njia ikiwa nyembamba, mkwe ndiye humpisha, tena haraka. Philemon hakufikiri. Miguu yake ililelewa vizuri. Iliacha njia hatua nne kamili, ikampeleka nyuma ya mti mkubwa, akasimama hapo akiwa amegeukia shina. Wageni walidhani amekwenda kujisaidia, wakatazama kando kwa adabu.

Jescah alikuwa amemwona. Mama mkwe mwungwana angejifunika uso kwa leso, akapita upesi ili maskini yule atoke. Jescah alitua kuni zake, akakalia mzigo.

“Wewe msichana, unasikianga Kiswahili?”

“Ninasikia, mama. Shikamoo.”

Jescah hakuwa amezoea kusalimiwa namna hiyo, lakini alipokea. Wakati huo siafu wa kwanza alikuwa akipita gotini mwa Philemon. Siafu hana pupa. Hupanda kwanza yeye na jamaa zake wote, kimya, kisha huuma kwa pamoja kama waliopatana.

“Mume wangu alikufa mwezi wa pili,” Jescah alisema. “Nilikuwa na mkwe, alimpenda sana. Siku ya kumzika huyo mkwe hakukuja. Watu wananiambia wazungu walimkataza. Sasa wewe ni mzungu, niambie. Mngekatazanga mtu kwenda kumzika mzee wake?”

Anneke alishtuka. “Hapana, mama. Hata mimi ningemwambia aende. Ningekwenda pamoja naye.”

Siafu wakauma.

Philemon aling'ata kofia yake. Alivua buti, akavua suruali, akaitupa kwenye tawi, na bado hakutoa sauti, kwa kuwa mkwe hamsemeshi mama mkwe kutoka vichakani, hasa mkwe asiye na suruali. Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa miguuni. Uongo wake wa Jumamosi ulikuwa umekufa mbele ya masikio yake, umeuawa na mtu mpole, na hakuwa na mwingine. Aliona haya, na chini ya haya ile kulikuwa na huzuni aliyoikimbia miezi miwili.

“Mama,” alisema, uso kwenye gome. “Hakuna mtu alinikataza. Wageni hata hawakujua. Sikutaka kuona mzee amelala ndani ya sanduku. Niliogopa.”

Joost na Wim, wasioelewa neno, walisikia kilio nyuma ya mti, kisha wakaona suruali ikining'inia. Wim aliinua kamera. Anneke alimshika mkono akaishusha.

Jescah hakugeuza kichwa kwenye mti ule. Alimvuta Anneke karibu, akamnong'oneza kwa muda, akikatiza mara mbili kujipangusa macho. Kisha vijana wale wawili wakamtwika kuni, naye akashika njia yake bila kutazama nyuma.

Alipokwisha kupotea, Anneke aliukaribia mti. Alisimama upande wa pili, akatazama juu matawini kama alivyoagizwa, akatoa ujumbe neno kwa neno, asije akakosea.

“Mama anasema Jumamosi uje. Anasema uvae suruali.” Akatafuta maneno yaliyobaki. “Na anasema hata yeye hakutaka kumwona mzee amelala vile. Anasema hata yeye alitaka kukimbia. Lakini alikungoja wewe umshike mkono Nasambu, ili yeye apate nafasi ya kulia.”